Ukituhumiwa kwa Kosa la Mtandao: Mwongozo Kamili wa Kupata Utetezi Tanzania

Mdogo wangu alikuwa kwenye kibanda chake cha chipsi alipopigiwa simu. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mpelelezi, akamtaka afike kituoni kesho yake saa mbili asubuhi "kwa mahojiano mafupi". Namba iliyosajiliwa kwa kidole chake ilikuwa imetuma zile meseji tunazozijua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii", na mzee mmoja wa mkoa mwingine alikuwa ameituma kweli. Mdogo wangu hakuwa na habari na namba hiyo. Alikwenda peke yake, akiamini kwamba asiye na kosa hana haja ya wakili. Akaongea asubuhi nzima, akasaini karatasi ambazo hakuzisoma. Katika karatasi ya pili kulikuwa na sentensi fupi: "Laini hiyo ni ya kwangu." Alichosema yeye ni kwamba ameambiwa laini imesajiliwa kwa jina lake. Ilituchukua mwaka mmoja na miezi minne kupambana na sentensi hiyo mahakamani.

Mimi si wakili. Ni ndugu aliyekaa kwenye mabenchi ya mahakama kwa muda wote huo, akauliza kila aliyekuwa tayari kujibu, na tangu hapo majirani wakipatwa na jambo kama hili huja kwangu kwanza. Ninayoyaandika hapa ni ya kukufikisha kwa wakili ukiwa bado hujajiharibia. Yanahusu Tanzania. Kenya ina sheria yake ya 2018 na utaratibu wake, kwa hiyo msomaji wa huko asichukue vifungu vya hapa akaenda navyo mahakama ya Milimani, Nairobi.

Fahamu kwanza unatuhumiwa kwa kosa gani

Sheria kuu ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya 2015, iliyoanza kutumika 1 Septemba 2015. Inatumika Bara na Zanzibar. Anayekwambia "una kesi ya mtandao" hajakwambia kitu bado. Muulize: kifungu gani? Namba za vifungu ninazotaja hapa ni za sheria kama ilivyopitishwa 2015. Sheria zikifanyiwa urekebu namba huweza kuhama, hivyo wakili wako ataangalia toleo linalotumika siku hiyo.

Kifungu cha 4 ni kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na simu ya mkononi nayo huhesabiwa humo. Kufungua simu ya mwenzako ukasoma meseji zake kunaweza kukuingiza hapa. Kifungu cha 12 ni udanganyifu kwa kutumia kompyuta, na ndicho kinachowakumba wengi wa kesi za pesa za simu. Kifungu cha 15 ni kujifanya mtu mwingine: akaunti feki, picha ya mtu, jina la mtu. Cha 16 ni kuchapisha taarifa za uongo. Cha 23 ni unyanyasaji mtandaoni, ambacho mara nyingi huzaliwa na ugomvi wa wapenzi walioachana au ndugu waliogombania mirathi kwenye grupu la WhatsApp.

Adhabu zake zina jambo moja ambalo watu hawalitambui mapema. Sheria imeandika "isiyopungua". Kosa la kifungu cha 4 ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kifungu cha 16 na cha 23 ni milioni 5 au miaka mitatu. Kifungu cha 12 ni milioni 20 au miaka saba. Kwa hiyo mtu akikwambia "kiri tu, utapigwa faini ya laki mbili yaishe", anakudanganya au hajui. Hakimu naye amefungwa na kiwango hicho cha chini.

Lakini vifungu hivyo hivyo vina mlango wa kutokea, nao ni nia. Chukua cha 16. Haitoshi kwamba ulichosambaza kilikuwa cha uongo. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa ithibitishe kwamba ulijua ni uongo, na kwamba ulikusudia kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Mama aliyesambaza kwenye grupu la vikoba tangazo la ajira la kitapeli kwa sababu aliliamini, akitaka mabinti wa wenzake wapate kazi, hana hali sawa na aliyelitunga. Cha 23 nacho kinadai kusudio la kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu moyo. Ukishajua kifungu, soma kila neno lake, kisha jiulize ni lipi kati ya hayo ambalo hawawezi kulithibitisha. Kazi ya utetezi inaanzia hapo, na wakili mzuri ataanzia hapo hapo.

Watanzania mlioko ughaibuni, sheria hii inawafuata huko pia: raia anaweza kushtakiwa hapa kwa kitendo alichokifanya nje, kama kitendo hicho ni kosa katika nchi aliyopo.

Ukipigiwa simu au ukipata wito

Usikimbie, na usizime simu ukahamia kwa shangazi. Kukimbia kutaletwa mahakamani kama ishara ya hatia, na kutakukosesha dhamana.

Andika jina la aliyekupigia, cheo, kituo, namba aliyotumia na saa. Mwambie kwa heshima kwamba utafika, na unaomba kujua tuhuma. Kama anadai utume pesa "ili jalada lifungwe", kata simu: kuna matapeli wanaojifanya wapelelezi. Kisha nenda kituoni au tuma mtu akaulizie kama afande huyo yupo na kama wito huo upo.

Usiende peke yako. Kama wakili hajapatikana, nenda na mtu mzima mwenye utulivu, anayejua kuandika na asiyepayuka. Mwachie mwingine nyumbani namba za mawakili, nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, na majina ya watu wawili wanaoweza kukudhamini.

Fanya na hili kabla hujatoka: kwenye simu yako piga *106#. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mdogo wangu alikuta nne, wakati yeye anatumia mbili. Laini ya tatu na ya nne zilizaliwa siku aliyosajili laini kwa kijana wa mwavuli pale stendi, aliyemwambia "weka tena kidole, haijasoma". Usizifute papo hapo ukiwa tayari umeitwa. Muulize wakili kwanza, maana tarehe na mahali zilipofunguliwa huenda ndivyo vitakavyokuokoa.

Usifute kitu

Hofu inapompata mtu, kidole hukimbilia kufuta. Ndugu yangu, usifute. Usifute meseji, usifute akaunti, usirudishe simu kama ilivyotoka dukani, usivunje laini ukaitupa chooni. Kifungu cha 22 kinafanya kufuta au kuficha data kwa lengo la kukwamisha upelelezi kuwa kosa linalojitegemea, lenye faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka. Unaweza ukashinda shtaka la kwanza ukafungwa kwa la pili. Zaidi ya hayo, unachofuta kwenye simu yako mara nyingi kinabaki kwenye simu ya mlalamikaji au kampuni ya simu. Kinachopotea ni upande wako wa mazungumzo tu.

Wakija kupekua

Sheria hii inampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kutoa amri ya kupekua na kuchukua kompyuta au simu. Kwa hiyo usishangae wakija bila karatasi ya hakimu, wala usishindane nao mlangoni. Omba kuona amri hiyo na kitambulisho cha anayeongoza. Omba shahidi awepo, mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Kisha sisitiza stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Isiandikwe "simu moja nyeusi". Iandikwe aina, namba ya IMEI inayoitambulisha simu yenyewe (piga *#06# uione), laini zilizomo, na kama ilikuwa imewashwa au imezimwa. Msaini wewe na mashahidi, ubaki na nakala. Oktoba 2015, wiki chache tu baada ya sheria kuanza, polisi walivamia kituo cha kufuatilia uchaguzi cha Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu jijini Dar es Salaam, wakakamata watu 36 pamoja na kompyuta na simu. Kama wanasheria wenyewe vifaa vyao vilibebwa, jiandae kwamba na chako kitabebwa, na kinga yako ni karatasi.

Nywila je? Hapa hata mawakili hutofautiana. Kukaidi amri iliyotolewa chini ya sheria hii ni kosa, lakini kuombwa tu kwa mdomo na askari si lazima iwe amri. Jibu la salama ni hili: "Afande, sikatai, naomba amri hiyo kwa maandishi na nizungumze na wakili wangu kwanza." Liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza.

Kituoni: hapa ndipo kesi nyingi hushindwa

Nakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa sababu mdogo wangu aliangukia hapa.

Katiba yetu, ibara ya 13(6), inasema mtu hatatendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai nayo imeweka mambo manne ya kushika kichwani. Unapaswa kuambiwa sababu ya kukamatwa. Unapaswa kuonywa kabla ya kuhojiwa kwamba hulazimiki kusema kitu, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Na muda wa msingi wa kukuhoji ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi; unaweza kuongezwa, lakini nyongeza isizidi saa nane. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila nyongeza halali yanaweza kukataliwa na mahakama. Kwa hiyo angalia saa ukutani unapoingia na unapoanza kuhojiwa, na uzikariri.

Karatasi watakayoandika inaitwa maelezo ya onyo. Ndiyo karatasi nzito kuliko zote katika kesi yako. Usiipe uzito wa mazungumzo ya kijiweni eti kwa sababu mpelelezi ni mpole na amekununulia soda.

Ukiwa peke yako na wakili yuko njiani, taja jina lako, umri, makazi na kazi. Kisha sema: "Nipo tayari kutoa maelezo wakili wangu akiwepo." Ukiulizwa tena, rudia. Hilo si ukaidi, ni haki iliyoandikwa, na askari wazoefu wanaijua.

Ukiamua kusema, au ukijikuta umeshaanza, sema unachokijua kwa macho yako tu. Usikisie. "Labda mtu alitumia simu yangu" ni dhana, nayo itaandikwa kama utetezi wako na kukufunga nao. Angalia maneno mawili yanayofanana: laini "iliyosajiliwa kwa jina langu" si laini "yangu". Akaunti "yenye picha yangu" si akaunti "ninayoimiliki". Simu "niliyokutwa nayo" si simu "niliyokuwa naitumia siku ile". Kesi ya mtandao, ukiichambua hadi mwisho, inauliza swali moja: vidole vya nani vilikuwa kwenye kifaa hicho, saa ile? Usilijibu swali hilo kwa bahati mbaya.

Kabla ya saini, soma kila ukurasa. Husomi vizuri? Omba usomewe mbele ya ndugu yako. Palipokosewa, omba parekebishwe na usaini pembeni ya marekebisho. Wakikataa, kataa kusaini. Na kama umepigwa, umetishwa au umeahidiwa kuachiwa ili ukiri, mwambie wakili siku hiyo hiyo, omba fomu ya PF3 ukatibiwe, na umwambie hakimu siku ya kwanza utakayosimama mbele yake. Mahakamani pingamizi dhidi ya maelezo ya kulazimishwa huwekwa pale upande wa mashtaka unapoomba kuyatoa kama kielelezo, kabla hayajapokelewa. Hapo mahakama itapaswa kuchunguza kwanza kama yalitolewa kwa hiari. Ukikaa kimya yakapokelewa, umechelewa.

Dhamana

Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna "ya mafuta" wala "ya karatasi". Kwa kawaida utahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na makazi yanayojulikana. Ndani ya saa 24 unapaswa uwe umeachiwa au umefikishwa mahakamani. Siku zikipita ukiwa bado lokapu, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kukufikisha mahakamani, na mara nyingi taarifa tu kwamba maombi hayo yanaandaliwa huharakisha mambo.

Makosa mengi ya mtandao yana dhamana. Hatari iko pengine: kwenye kesi za pesa, hati ya mashtaka huweza kuongezewa utakatishaji fedha, kosa ambalo halina dhamana. Nimeona familia zikiuza kiwanja kumlipa wakili wa kubishania kosa la kifungu cha 12, huku shtaka la pili lililomweka mtu gerezani likiwa halijaguswa. Ukiona neno utakatishaji kwenye hati, mwambie wakili aanze nalo. Na pale mashtaka yanapotaja fedha nyingi, zaidi ya shilingi milioni 10, sheria inaweza kudai uweke fedha au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi hicho, basi wadhamini wajiandae na hati za mali.

Kumpata wakili, hata kama mfuko ni mtupu

Anza kwa kumkwepa kishoka. Nje ya mahakama zetu kuna watu wenye mabegi na tai wanaojiita wanasheria, wanaopokea "ya kufungulia jalada" kisha simu haipokelewi tena. Wakili wa kweli ameandikishwa na ana leseni ya mwaka huu. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili unaokuwezesha kutafuta jina lake na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Dakika mbili zinatosha. Asipoonekana humo, usimpe hata nauli.

Ukimpata, muulize maswali ya kazi. Ameshawahi kusimamia kesi yenye ushahidi wa kielektroniki? Ada yake inahusu hatua zipi: kituoni, dhamana, kesi nzima, au na rufaa? Nani atasimama siku ambayo yeye ana kesi nyingine? Omba mkataba wa maandishi na risiti. Anayekuahidi ushindi, au anayekunong'oneza kwamba "anafahamiana na hakimu", muage kwa adabu uondoke.

Kama huna uwezo, jua kwamba kesi hizi si kama za mauaji, ambako mshtakiwa hupewa wakili kwa gharama za serikali. Huku lazima uombe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu au jaji, akiona haki inadai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, kuelekeza apatiwe msaada wa kisheria. Unaliomba wewe mwenyewe, ukiwa umesimama kizimbani, siku ya kwanza: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba mahakama inisaidie nipate msaada wa kisheria." Nenda na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali yako. Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria ya 2018.

Nje ya mahakama, gonga hodi kwenye Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na Chama cha Mawakili Tanganyika, au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kwa wa Visiwani. Kama umeshtakiwa kwa sababu ya uandishi au kazi ya kutetea haki, wafuate Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania. Maofisa wa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nao hupita mikoani. Wasaidizi wa kisheria walioko wilayani wanaweza kukuelekeza na kukuandikia barua, ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Usije ukawategemea kwa hilo.

Kwa wakili, sema yote. Na yale ya aibu. Mazungumzo yenu ni siri kisheria. Wakili wa mdogo wangu alijua kwa kuchelewa kwamba aliwahi kumwazima rafiki kitambulisho chake, na jambo hilo liliibuka katika maswali ya upande wa pili, mbele ya kila mtu.

Kukusanya ushahidi wako

Usisubiri Jamhuri imalize. Siku hiyo hiyo uliyotoka kwa dhamana, kaa na daftari uandike siku ya tukio ilivyokwenda: ulikuwa wapi, na nani, simu ilikuwa mikononi mwa nani, nani anajua nywila yako, lini ulipoteza laini au uliuza simu. Kumbukumbu huchakaa upesi.

Kisha tafuta karatasi. Taarifa ya upotevu uliyoitoa polisi ulipopoteza simu. Taarifa ya miamala ya laini yako halisi, yenye mhuri, kutoka ofisi za kampuni ya simu. Daftari la wakala pale ulipotoa au kuweka pesa siku ile. Mwombe wakala mapema, daftari likijaa hutupwa. Daftari la mahudhurio kazini. Picha za kamera za duka jirani, ambazo mitambo mingi huzifuta yenyewe baada ya siku chache. Kumbukumbu za ndani za kampuni ya simu, kama mahali laini iliposajiliwa, wakala aliyeisajili na kifaa kilichotumika, hutazipewa dirishani. Wakili ataiomba mahakama iamuru ziletwe. Kwetu, wakala aliyesajili ile laini alionekana kuwa wa mji ambao mdogo wangu hajawahi kukanyaga, na tarehe yake ilikuwa siku ya mazishi ya baba yetu mkubwa. Watu mia walimwona akichimba kaburi.

Utetezi wa namna hiyo, wa kutokuwepo eneo la tukio, una sharti: lazima utoe taarifa mapema kwamba utautumia, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau utoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Wengi hulisahau, na mahakama inaweza kuupuuza ushahidi wenyewe.

Picha za skrini zipige zikionyesha namba, tarehe na saa, lakini usizikate wala kuzichorea, na simu yenyewe uitunze. Picha bila kifaa ni dhaifu. Hilo linakata pande zote mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime uhakika wa namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na aliyeituma alivyotambuliwa. Kwa hiyo wakili wako atauliza: nani alichapa karatasi hizi? Kutoka kifaa gani? Simu ilikaa kwa nani tangu ichukuliwe hadi ifike kwa mtaalamu, na kila makabidhiano yameandikwa? Mnyororo huo ukikatika mahali, kielelezo hupoteza nguvu. Ile stakabadhi yenye IMEI niliyokusisitizia inafanya kazi yake siku hii.

Jambo moja la kukaa nalo mbali: usimpigie mlalamikaji, usimtumie ndugu, usiandike chochote kuhusu kesi kwenye mitandao. Hata "pole sana" itasomwa kama kukiri.

Mahakamani

Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu tangu mabadiliko ya sheria ya 2021. Hati ya mashtaka ikiwa na neno usilolielewa, sema hujaelewa. Usijibu "ni kweli" kwa sababu ni kweli kwamba ulikuwa na simu. Ukisema "ni kweli", umekiri kosa lote.

Zitafuata tarehe za kutajwa, nyingi. Hudhuria zote, hata mvua ikinyesha, maana ukikosa kufika, dhamana hufutwa na wadhamini hupata shida. Kwenye hoja za awali utasomewa maelezo ya kesi na kuulizwa yapi unayakubali. Unayoyakubali hayatahitaji kuthibitishwa tena, kwa hiyo ya kukubali wewe ni jina lako na makazi tu, na mengine aamue wakili.

Upande wa mashtaka ukimaliza, mahakama itaamua kama una kesi ya kujibu. Ukionekana huna, unaachiwa. Ukionekana unayo, unajitetea na kuleta mashahidi. Hulazimiki kuthibitisha kwamba huna hatia. Jamhuri ndiyo inayopaswa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka, na mara nyingi shahidi mmoja mnyoofu, kama kwetu mzee aliyeongoza yale mazishi ya baba mkubwa, anatosha kuileta shaka hiyo.

Kama kweli ulitenda, njia ipo pia. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, yanayoweza kuhusisha kupunguza mashtaka na kurudisha pesa za watu. Fanya kupitia wakili, kwa maandishi, na yasajiliwe mahakamani. Makubaliano ya korido hayapo.

Baada ya uamuzi

Sikiliza maneno ya hakimu. "Kuachiwa" si sawa na "kuachiwa huru". Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi, unaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile, hivyo usitupe nyaraka wala kuwasahau mashahidi.

Ukihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, una siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Hata ukiwa gerezani unaweza, kupitia mkuu wa gereza. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi siku ile ile.

Ukishinda, omba simu yako irudishwe kwa barua, nenda kafunge laini zote ambazo si zako, na chukua nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri. Mdogo wangu anaiweka kwenye bahasha ya plastiki juu ya friji ya soda. Mwaka uliofuata kituo cha mkoa mwingine kilimpigia kuhusu laini ile ile, kwa mzee mwingine aliyetapeliwa. Safari hii alimpigia wakili kwanza, akaenda naye na bahasha yake, akasema jina lake, akatoa karatasi. Saa saba mchana alikuwa amerudi kibandani, anamenya viazi.